Sindano Iliyoganda Kwenye Nusu

Kwa miaka kumi na moja lori la Mzee Nusu lilikuwa na nusu tangi. Ulijaze mpaka dizeli ichuruzike mdomoni, geji inasema nusu. Libaki na mafuta ya kufika pale kona tu, nusu vilevile. Madereva wenzake kwenye maegesho ndio waliombandika jina hilo, naye hakulikataa, maana kila aliyeuliza limetoka wapi alimpa nafasi ya kusimulia kisa chake upya. Na kisa hicho alikipenda kuliko chakula.

Chenyewe kilikuwa kifupi. Tangi lilikuwa likivuja. Mdogo wake, wa tumbo moja, fundi wa kuchomelea, alilishusha, akaliziba, akalirudisha mahali pake. Siku ya kumi lori likazima katikati ya mlima na shehena ya nyanya, huku geji ikiapa kwamba mafuta yapo. Nyanya zikaozea juani. Mzee Nusu akaenda moja kwa moja mpaka karakana ya mdogo wake na kumwambia mbele ya wateja kwamba yeye si fundi, ni mharibifu, ameua geji kwa mikono yake ya pupa. Tangu hapo hawakusemezana. Wakikutana njiani, kila mmoja alipata kitu cha maana sana cha kutazama upande wa pili.

Mafuta akawa anayapima kwa fimbo. Aliichonga mwenyewe, akaikata alama kwa kisu, akaivisha ncha yake kofia ya chuma isije ikachakaa. Watu walimuuliza kwa nini asilifungue hilo tangi ajue moja. Alijibu kwamba tangi ni ushahidi, na ushahidi hauchezewi. Ukitaka kumjua Mzee Nusu, mjue kwa jibu hilo.

Mambo yalibadilika magoti yalipomshinda. Binti yake wa pili, aliyesomea umeme wa magari chuoni, alikuwa amepata leseni ya magari makubwa, ikakubalika nyumbani kwamba lori sasa litakuwa mikononi mwake. Aliliangalia lori, akaiangalia fimbo nyuma ya kiti.

"Baba, mimi siendeshi gari kwa kupiga ramli."

"Basi fungua," baba akasema, akachangamka kuliko alivyochangamka mwaka mzima. "Fungua, ujionee kwa macho yako alichokifanya baba yako mdogo."

Walianza asubuhi, nyuma ya nyumba, lori likiwa limeegeshwa kwenye kivuli cha ukuta. Binti alimpandisha baba yake kwenye kiti, akamwambia awashe swichi bila kuwasha injini, asibandue macho kwenye sindano. Yeye akaingia chini, akaufuta mchanga juu ya tangi, akauchomoa waya wa kile kipimio kilichozama ndani ya mafuta.

"Sindano inasemaje?"

"Imeanguka! Iko chini kabisa."

Akaugusisha waya kwenye chuma cha chasisi.

"Na sasa?"

"Inapanda," baba akasema. "Inapanda... imefika mwisho." Hakuwa ameiona ikisogea miaka kumi na moja, na alishangaa kwamba jambo dogo kama hilo limemfurahisha.

"Basi geji nzima, na waya mzima. Ubovu uko humo tangini."

"Si nilisema? Humo ndimo alimopitisha mikono."

Binti aliutazama waya mwingine, ule unaotoka kwenye kipimio kwenda kwenye bodi ya lori. Baba mdogo ndiye aliyeufunga, na ulikuwa bado umekaza, hauna kutu. Mshono aliouchomelea tangini ulikuwa umenyooka, safi. "Kazi nzuri hii," akasema.

"Wewe sifia tu. Subiri."

Alichomoa betri, akafungua skrubu sita za kipimio, ya tano ikamkaidi mpaka akaimwagia dizeli na kuitukana kidogo. Kisha akakitoa kipimio kimeinama upande, polepole, kikidondosha mafuta. Ni kidude cha kawaida: kifuniko, waya mwembamba uliojisokota, mkono mrefu wa chuma, na mwisho wa mkono boya la shaba linaloelea mafuta yakipanda. Mkono ulikuwa umepinda kwenda chini na kujibana, ndiyo maana sindano ilikwama. Juu ya boya palikuwa na mabonde madogo ya duara, kama saba hivi.

Binti alichungulia tangi. Tundu la kipimio na mdomo wa kumiminia mafuta vilikuwa jirani kabisa. Akaenda kuichukua fimbo nyuma ya kiti, akaiweka kofia ya chuma juu ya bonde moja. Ikakaa sawasawa. Akajaribu la pili. Likakubali.

"Baba. Hizi alama ni za fimbo."

"Fimbo nilianza baada ya geji kufa."

"Kweli?"

Mzee Nusu alifungua kinywa ili aape, akakifunga. Alizikumbuka siku zile tisa kabla ya safari ya nyanya. Tangi lilipotoka kuchomelewa hakuuamini ule mshono. Asubuhi, mchana, jioni, alitia fimbo na kuisukuma mpaka chini aone kama mafuta yamepungua, kwa nguvu, kama mtu anayemtafuta mwizi uvunguni. Siku ya tisa aliridhika kwamba halivuji. Akaiacha fimbo nyumbani, akaiamini geji, akapanda mlima na nyanya.

Binti alimwonea huruma, akaenda zake kwa wauza spea za mtumba. Huko alifungua vipimio vinne, akavijaribu kwa mita, akikipandisha na kukishusha kila kimoja mkono, mpaka akapata kimoja kilichosoma sawa na geji ya lori lao. Alirudi, akakifunga kwa gasketi mpya, akarudisha betri na kuwasha swichi. Sindano ikapanda mpaka robo tatu, ikatulia. Alipiga kelele za furaha peke yake. Baba yake alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba, kipimio kibovu mapajani.

"Nipeleke kwa baba yako mdogo," akasema.

Karakana ilikuwa na wateja wawili na mlango wa geti uliolazwa chini. Mdogo mtu aliinua miwani ya kuchomelea, akamwona kaka yake, akaizima mashine. Hakuna aliyesalimia. Mzee Nusu alimpa kile kipimio. Mdogo wake akakigeuza, akatia ncha ya kidole kwenye bonde moja.

"Nilikwambia," akasema.

"Lini?"

"Siku ya pili. Nilikukuta unachokoa. Nikakwambia kaka, acha kuchokoa tangi, utavunja boya. Ukacheka. Ukasema fundi wa kweli haogopi kukaguliwa."

Mzee Nusu alikuwa amesema hivyo hasa, na alikuwa amecheka hivyo hasa. Mara za mwanzo alizosimulia kisa, maneno hayo yalikuwemo. Aliyatoa mwenyewe, kwa sababu yaliharibu utamu.

"Nilikutukana mbele ya watu," Mzee Nusu akasema, akapaza sauti mpaka wateja wakageuka. "Basi wasikie na hawa. Geji niliiharibu mimi. Wewe hukuharibu kitu. Nimekukosea, mdogo wangu."

Mdogo wake alilifuta boya kwa kitambaa ingawa halikuwa chafu.

"Mama aliniuliza mpaka wiki yake ya mwisho," akasema. "Kila nikienda kumwona. Mmeshapatana? Jumapili yake ya mwisho nikamwambia ndiyo, mama, jana tu tulikuwa pamoja, tumekula pamoja kwangu."

Mzee Nusu alishika ukingo wa meza.

"Mimi aliniuliza Jumapili hiyohiyo, jioni," akasema. "Nikamwambia ndiyo, ila sijakuona tangu mwezi uliopita, umesafiri."

Walitazamana.

"Kwa hiyo alijua," Mzee Nusu akasema.

"Alijua, kaka."

Mzee Nusu alilia hapohapo, mbele ya wateja, bila kuufunika uso. Mdogo wake alimvutia kigoda, akakaa naye.