Maduka Yaliyofunguliwa Kwa Uani

Barabara mpya ya lami ilipoiacha kando safu ya maduka ya zamani karibu na Ruiru, sisi wa Thika tulisema pale pamekwisha. Kwa hiyo Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa pale aliponiita nishone kwake Jumamosi moja ya majaribio, niliogopa. Nikifaa, nibaki. Nisipofaa, nirudi kuchonga mawe kwa mjomba, timboni.

Kushona nilijifunza peke yangu, kwa kufumua suruali kuukuu na kuzirudishia. Nguo yangu yoyote nikiimaliza, naifumua tena.

Nilifika mapema, nikaweka cherehani barazani ikitazama lami. Malori ya mkonge yakapita mbali, mabasi yakapita, hakuna lililopunguza mwendo. Nikapaka cherehani mafuta, nikaifuta, nikaipaka tena.

Mwenye duka akachungulia. "Wewe nangoja nani hapo?"

"Wateja, bwana."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hao wa motokaa hata sindano hawakununua kwangu. Kuja huku nyuma!"

Uani kulikuwa na soko zima. Kila duka lilikuwa limefungua mlango wa nyuma, na kwenye njia ya mibuni walikuwa wakishuka wachumaji wa kahawa, maana ilikuwa siku ya mshahara. Barabara ilikuwa imehama, wao hawakuhama.

Nikaburuta cherehani hadi kwao. Mama mmoja akanunua kitambaa cha maua, akataka sketi ya kanisani. Nikashona, nikaona mshono umepinda kidogo, nikafumua kwa wembe. Nikashona. Nikashika wembe tena.

"Fundi, ibada ni kesho, si Krismasi!" akasema mama.

"Mwache," mwenzake akadakia, "huyo analipwa kwa kufumua!"

Wakacheka wote. Mwenye duka alikuwa mlangoni, hacheki. Nikajua timbo linaniita.

Mama akaninyang'anya sketi, akaivaa juu ya gauni lake, akazunguka. "Haya, imepinda wapi?"

Mimi nilipaona palipopinda. Nikauweka wembe chini. "Haijapinda, mama."

Mwingine akanitupia kaptura, kisha mwingine shati, na sikupata nafasi ya kufumua chochote. Jioni mwenye duka akasema, "Jumatatu kuja."

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilisimama nikiikodolea macho ile sketi ikipotea kati ya mibuni, nikijizuia nisiikimbilie na wembe.