Jina Alilolitafuta Simuni

Mtoto wa kaka yangu anafanya kazi ofisini Wete, na tangu mkewe ajifungue mtoto wa kiume hakuiweka simu chini. Alikuwa akitafuta jina. Naandika "akitafuta", lakini sina hakika kama ndilo neno. Mtu anayechagua fulana naye hutafuta. Alikuja Tibirinzi kwa baba yake, akakaa barazani, akaanza kutusomea. Hili asili yake Uajemi, maana yake bwana wa mawingu. Hili ni simba asiyerudi nyuma. Hili, akakohoa kidogo, la Kigiriki.

"Wagiriki wametuozesha nani?" nikamuuliza.

"Shangazi nawe. Siku hizi watu wanaangalia maana."

Mtoto mwenyewe alikuwa mikononi mwa mama yake, na huyo bwana wa mawingu hajajua hata kushika titi vizuri.

Kijana huyu ndiye mwana wa pekee wa kiume wa kaka yangu, na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kaka alilingoja jambo hili tangu siku ya harusi, lakini mtu hajiombei mwenyewe. Nikamwombea mimi. Kijana akacheka.

"Jina la baba ni siku ya wiki tu, Shangazi. Halina maana."

Nilimdharau pale pale, na naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mtu kaitwa jina hilo akalima, akakusomesha, leo weye unaliona tupu kwa sababu simu haikuandika simba. Lakini nisimdhulumu. Mimi nimesoma kidogo, na mtoto ni wake. Tena ukimpa mtoto jina la babu yake, mama yake halitamki, maana ni jina la mkwewe. Wangu wa kwanza namwita Baba mpaka leo ana ndevu. Si kila msichana wa sasa atalikubali hilo, na nilidhani mkewe ndiye anayekataa.

Siku ya akika mbuzi akalazwa uani, Shehe kashika kisu. Akauliza jina la mtoto, kwa kuwa mbuzi huchinjwa kwa jina lake. Kijana akaingiza mkono mfukoni.

"Subiri, Shehe. Nimelihifadhi humu."

Akapekua juu, akapekua chini. Aliyahifadhi mengi, na lile aliloamua jana halijui tena.

"Mtoto ni wako au wa simu?" Shehe akamuuliza.

Watu wakacheka. Kijana akazidi kuinama. Shehe akamgeukia kaka yangu; kaka akatazama chini. Hapo sauti ya mkewe kijana ikatoka dirishani: "Shangazi, lisemeni nyinyi. Miye siwezi kulitamka."

Kila mtu pale uani akajua ni jina gani. Nikalisema. Shehe akapiga bismillahi, akachinja.

Sijui kama ilinipasa kumtazama kwanza baba wa mtoto. Pengine ndiyo. Nilimtazama kaka yangu, aliyekuwa kainama kushika miguu ya mbuzi huku anafuta macho kwa bega.

Yule bwana sasa anawaambia wenzake ofisini kwamba aliamua mapema kurudi kwenye asili. Mkewe anamwita mtoto Baba.