Vitumbua vya Warda na zamu ya gesi Mbuchi

Jua halijachomoza, na Warda Gharibu anachota rojo la mchele na kulimimina kwenye kikaango chake cha vishimo. Moto wa gesi unavuma chini yake. Anageuza vitumbua kwa kijiti, huku akiongea na wateja.

"Dada Warda, vitumbua vyako siku hizi havinuki moshi. Tunapunjwa," anamtania Kristina, mwalimu aliyehamia Mbuchi, kijiji cha delta ya Rufiji, kutoka bara.

"Moshi nilikuwa nakupa bure, mwalimu. Ukiutaka sasa utaulipia."

Kwa miaka mingi Warda, mama wa watoto watatu, alipikia kuni za mkoko. Macho yalimuwasha mpaka jioni. Mwaka jana, yeye na wanawake kadhaa wa mtaa wake waliamua kuhamia gesi kwa pamoja. Mitungi yao hukusanywa na kupelekwa Kibiti kujazwa kwa safari moja.

Anayekwenda peke yake hutumia kama shilingi elfu thelathini na sita, pamoja na nauli ya boti na pikipiki. Kwenye kikundi hulipa elfu ishirini na saba.

Lakini unafuu huo nusura umponze Warda. Kwa kuwa wamezoea upatu, waliendesha gesi kama upatu: kila safari ilijazwa mitungi ya wenye zamu tu, wengine wakisubiri.

"Tulidhani ni mambo yaleyale," anasema Safina Bwanaheri, mwenyekiti wa kikundi. "Kumbe pesa inaweza kungoja zamu. Sufuria haingoji."

Ramadhani iliyopita, alasiri moja, gesi ya Warda iliisha vitumbua vikiwa bado vibichi kikaangoni. Zamu yake ilikuwa mbali. Watu walishaagiza vya futari, na rojo likilala lingechacha. Mtaji wake wote ulikuwa ndani ya lile beseni la rojo.

"Nilikaa nikilitazama linavyoumuka," anasema kwa sauti ya chini. "Nikasema basi, narudi kwenye kuni. Kikundi sikitaki tena."

Ndipo jirani yake, Fatu, akaingia uani na mtungi kichwani. Ulikuwa umejazwa juzi yake.

"Nikamwambia, shoga, hii zamu yako. Akanijibu, 'Zamu yangu, rojo lako. Washa, watu watafuturu nini?'"

Fatu mwenyewe alipikia kuni mpaka safari iliyofuata.

Wiki hiyohiyo kikundi kilifuta zamu. Sasa kila mtu huagiza gesi yake inapokaribia kuisha. Tena wamechanga wakanunua mtungi mmoja usio wa mtu, unaokaa kwa Safina kwa ajili ya atakayekwama. Wameuita Fatu.

"Nikisikia naitwa, sijui natakiwa mimi au gesi," anacheka Fatu.

Si kila mtu ameona faida. Mwanaheri, aliyejitoa, anapikia familia yake tu. "Kuni naokota, gesi natoa mfukoni," anasema. Safina hambishii. Anakiri kwamba wanaofaidi zaidi ni wapishi wa biashara.

Warda ni mmoja wao. Kila akijaza gesi, ile tofauti ya nauli anaiweka. Anataka kununua mtungi wake wa pili kabla ya Ramadhani ijayo, asije akauhitaji ule wa kwa Safina.

"Ule ukae kwa ajili ya mwenzangu mwingine," anasema, akipunguza moto. "Mimi nilishawashiwa."