Siku Wezi Walipogonga Kengele

Harufu ya mataruma ya reli yakipigwa na jua, ile oili nyeusi, hunirudisha stesheni kwetu, nje ya Tabora, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Nyie mliozaliwa juzi mnaiona zahanati tu.

Kengele ya stesheni ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa barazani. Kikigongwa, akina mama walikimbia na mabeseni ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kuwauzia abiria madirishani.

Kisha treni ikaacha kusimama kwetu. Ikawa inapita alfajiri, honi tu. Mama hakuacha kulifagia lile jengo. Mdogo wangu alizaliwa porini, njiani kwenda hospitali, baiskeli imelazwa pembeni, na Mama alikuwa ameapa kwamba wanawake wa kwetu watazalia chini ya paa lile.

Mwenyekiti wa kijiji, Lusangija, yeye aliyataka mabati. Namtaja, maana leo wanamsifu. Alikuja na shemeji yake Sumuni, na lori, mchana tukiwa kwenye ugali. Sumuni akakitamani na kile kipande cha reli. Akakipiga nyundo ili waya ukatike.

Ngo! Ngo! Ngo!

Mama akanyakua beseni. "Treni! Jamani, treni imesimama!"

Kijiji kizima kikamfuata, khanga zinadondoka. Hakukuwa na treni. Lusangija alikuwa ameshika ngazi, Sumuni yuko juu, bati mkononi.

"Shikamoo, Mwenyekiti," Mama akasema taratibu. "Treni iko wapi?"

"Kumbe abiria ni yule wa juu!" akadakia jirani yetu, mama Kalunde. "Baba, teremka ununue michembe!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mtu aliyezoea kuogopwa hawezi kicheko. Mabati yalirudi juu jioni ile ile, Lusangija akipokeza misumari.

Alilipiza, msidhani. Mwaka wa njaa alitunyima mahindi ya msaada, tukala mizizi. Hatukufa. Na binti zake wote wamejifungulia chini ya mabati yale yale.

Miaka mingi nilimcheka Mama kwa kudanganywa na kengele. Juzi, nimekaa baraza ile ile nikisubiri mjukuu wangu azaliwe, ndipo nikakumbuka: treni ya siku ile ilikuwa imeshapita alfajiri, na yeye ndiye aliyeniamsha niisikie. Na beseni lake lilikuwa tupu.

Angepiga yowe la wezi, kila mtu angefunga mlango kwa kumwogopa Lusangija. Akatuitia treni, tukatoka wote.