Tulikata Karatasi

Muda wote wa mafunzo ya ushonaji pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale sikuwahi kukata kitambaa. Tulikata karatasi, mifuko mitupu ya simenti, tukiikung'uta vumbi mpaka tunapiga chafya. Mafunzo yalikuwa ya vijana tuliomaliza shule tukabaki nyumbani, eti tutoke na kazi mkononi. Mwalimu, Mkongo mwenzetu wa Kivu ya Kusini, alikuwa na jibu moja kila tulipouliza.

"Bitambaa biko beyi kali. Mutabikata siku ya mwisho."

Siku ya mwisho ilikuja na wageni, magari na kamera. Gauni nzuri ajabu zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba, na kila msichana akapewa moja aishike mbele ya kifua. Yangu ilikuwa ya buluu, yenye kola nyeupe. Mgeni mmoja akaniuliza kama niliishona mwenyewe. Mwalimu alimjibu ndiyo kabla sijafungua mdomo, kisha akaniambia nitabasamu.

Baadaye nikaenda mwenyewe mjini Mbarara, kwenye duka la Hajati mmoja mshonaji, nifanye majaribio. Akiridhika angeniajiri. Asiporidhika, ningerudi kupalilia maharage ya watu kule Rugaaga, kama mama yangu, ambaye vibarua hivyo vimemmaliza mgongo. Nilishaapa sirudi.

Asubuhi ya kwanza Hajati alinipa kitenge cha mteja, chenye ndege wote wakitazama juu. Nilikikunja ncha ya juu ikalalia ya chini, kama tulivyokuwa tukikunja mfuko wa simenti, ili mbele na nyuma nivikate kwa pamoja. Makasi yalikwenda vizuri, nikajisifu moyoni. Nilipokifunua, ndege wa mbele walikuwa wakiruka kama kawaida, na wa mgongoni wote vichwa chini. Mfuko wa simenti unaukunja utakavyo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitambaa kina juu na chini.

Hajati alipiga kelele hadi majirani wakachungulia.

"Nani alifundisha wewe hivi?"

Nikamtajia mradi wetu wa kambini. Akacheka kicheko kibaya.

"Wale? Gauni zao za sherehe ni mimi nashona! Kila mwaka wanakuja hapa."

Akanyoosha kidole ukutani. Kigezo cha karatasi cha kukatia ile kola nyeupe kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari.

Damu ilinichemka. Kumbe vitambaa vilikuwepo! Vilikuwepo kwa ajili ya kamera, sisi tukaachiwa vumbi. Nilimchukia mwalimu, nikawachukia wageni waliopiga makofi bila kumpa hata mmoja wetu sindano waone. Hajati naye nilimchukia, na bado nilikuwa naogopa asije akanifukuza.

Hakunifukuza. Alimnunulia mteja kitenge kingine, akanitupia kile nilichoharibu.

"Hii sasa ni yako. Shona, halafu vaa."

Nilikishona nikakivaa, wateja wakinichekea mgongoni. Nilijifunza kwa aibu, na nilijifunza haraka. Hajati akaniajiri.

Mwaka uliofuata mwalimu akaja dukani kuagiza gauni za sherehe. Alinitazama usoni, akajifanya hanijui. Alipotoka nilimgeukia Hajati kwa hasira.

"Hajati, tubapelekee bitambaa tu. Bale batoto bakate benyewe!"

"Mimi nikikataa, yeye anaenda duka ya pale," akasema. "Na wewe utashona nini?"

Nilitaka kuyatupa makasi chini niondoke. Nikamfikiria mama, ameinama kwenye shamba la mtu. Nikakikunja kitambaa cha kwanza.

Gauni hizo nilizishona zote nimeuma meno, na zilitoka nzuri kuliko za mwaka wangu. Leo ndiyo sherehe. Huko kambini kuna msichana ameshika gauni niliyoishona mimi mbele ya kifua, mikono yake haijawahi kukata kitu ila karatasi, na ameambiwa atabasamu.