Kurasa za Theluji Alizozivuta Babu

Walisema sitamaliza hata ukurasa mmoja. Mwalimu Elinami alisema hivyo mbele ya darasa zima la saba, wenzangu wakayarudia maneno yake njiani, na shangazi yangu akamalizia jikoni kwamba mtoto wa kijiji kama Kagerankanda yetu akisoma kitabu cha Kizungu kisicho cha shule ataishia kuongea peke yake barabarani. Nawakumbuka wote, kila mmoja na sauti yake. Lakini kabla ya sauti zao hunijia harufu: tumbaku ya babu, ile aliyoikausha mwenyewe juu ya meko, ikiungua pamoja na karatasi ya kitabu. Karatasi ya kitabu ikiungua ina utamu fulani ambao gazeti halina. Hadi leo nikiinusa popote, miaka ya tisini inarudi yote, na hasira inarudi nayo, mbichi kama ya juzi.

Kilikuwa kiangazi, miezi ile ambayo asubuhi za kwetu huuma masikio na ukungu huchelewa kuondoka mabondeni. Wakimbizi walikuwa wengi Kibondo na Kasulu, na wageni waliokuja kuwahudumia walikuwa wakimaliza kazi zao wanaondoka na kuacha vitabu. Vitabu vile, sijui kwa nini, vingi vilikuwa vya baridi tupu: mazimwi ya barafuni, falme zilizofunikwa na theluji, wasafiri walioganda wamekaa kitako. Nadhani wenyewe walivisoma ili wapoe. Theluji sikuwahi kuiona, kwa hiyo niliijenga kwa vitu vya nyumbani. Weupe niliutoa kwenye unga wa muhogo, baridi nikaitoa kwenye mvua ya mawe, na namna ya kuanguka nikaitoa kwenye majivu ya nyasi zilizochomwa, yale yanayopeperuka mwezi wa nane na kutua begani bila sauti.

Walioniazima walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mzee Venanti, aliyekuja kutoka Burundi zamani akiwa kijana, akawa mchuuzi wa mitumba kati ya soko la Kibondo na la kwetu. Yeye alikuwa na vitabu vilivyoandikwa kutokana na filamu, vyenye picha za waigizaji kwenye majalada. Wenzangu walizichungulia filamu hizo kwenye kibanda cha video. Mimi niliwasimulia yaliyomo kabla hawajaingia, wakakosa hamu, mwenye kibanda akanifukuza kwa fimbo. Msimamo wangu juu ya vitabu vya aina hiyo haujabadilika tangu siku zile: ni uji uliochemshwa kwa maji ya kuoshea sufuria. Mtu anakimbia kwenye theluji kurasa kumi, na hupati kujua hata kama amevaa viatu, kwa sababu mwandishi anadhani umekwisha kumwona kwenye filamu.

Wa pili alikuwa Bi Zaituni, muuguzi wa zahanati aliyehamishwa kutoka Tanga. Aliniazima kamusi, na kitabu kinene cha ufalme uliolaaniwa ukakaa miaka thelathini bila theluji kuyeyuka. "Mwanangu," aliniambia, "ukinirudishia kina alama ya mchuzi, mimi na wewe basi." Hicho nilikipenda, lakini mama alikiua kwa swali moja. Nilikuwa namsimulia huku tukimenya muhogo, akaweka kisu chini. "Miaka thelathini?" akauliza. "Sasa hao watu wanalima lini? Maharage wanatoa wapi?" Nilipekua kitabu kizima sikupata jibu. Tangu siku hiyo kila hadithi ya nchi za ajabu naipima kwa swali la mama. Mwandishi anayekumbuka upanga wa mfalme akasahau ghala lake la chakula hajawahi kulala na njaa, na mimi simwamini.

Wa tatu ndiye Mwalimu Elinami. Alitoka Kilimanjaro, na hakutuacha tusahau. "Mimi theluji nimezaliwa naiona," alikuwa akisema, "ninyi mnaona vumbi." Kitabu chake kilikuwa cha kutisha: familia imezingirwa na theluji ndani ya nyumba ya mbao, na nje kuna mnyama asiyejulikana. Alimwazima mwanafunzi kwa sharti moja. Ijumaa ya kurudisha unasimama mbele ya darasa unasimulia mwanzo mpaka mwisho. Ukishindwa, huazimwi tena. Wengine walikiogopa. Mimi nilikitaka kuliko nguo ya Krismasi, maana shule nzima haikuwa na kitabu kingine kikubwa, na bila Kiingereza kile nilijua nitaishia kuchunga mbuzi wa baba.

Nilisoma wiki tatu na kamusi pajani. Kurasa arobaini za kwanza zilikuwa na madoa ya chai na alama za vidole. Kuanzia hapo zilikuwa safi kabisa, nyingine bado zimegandana ukingoni. Niliona jambo hilo nikalinyamazia. Na niseme kweli, kitabu kilikuwa kizuri. Mnyama haonekani. Kuna nyayo tu, zinazoanzia katikati ya uwanja kana kwamba aliyekanyaga alitoka hewani. Sisi tunaoishi na fisi tunajua kwamba fisi ukishamwona amekwisha kuwa nusu fisi. Mwandishi anayelitoa zimwi lake mapema anajipokonya fimbo. Yule alijua kuficha.

Zikabaki kurasa kumi na mbili. Nikakichomeka kitabu juu ya boriti kavu, kwenye nyumba ya babu, pale alipoweka tumbaku yake, panya wasikifikie. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo asingelifanya mtoto wa Dar es Salaam. Kwetu karatasi iliyowekwa juu ya tumbaku ya mzee ni zawadi ya mjukuu, haulizi, anashukuru. Niliporudi na kuni nilimkuta babu amekaa kwenye kigoda, anavuta, uso umetulia kama wa mtu aliyesameheana na dunia.

"Babu! Kitabu cha Mwalimu!"

"Nimeanzia nyuma, mwana wanje," akasema kwa upole, akiniita mwanangu kwa Kiha. "Nilikuona unakitazama kutoka mbele. Mwanzo nimekuachia wewe unayeanza. Mwisho ni wa mimi ninayemaliza."

Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Ijumaa nilisimama mbele ya darasa nikasimulia yote kwa usahihi mpaka pale karatasi zilipokwishia. Mwisho nikautunga. Nilisema baba wa familia alipasua mbao za sakafu, akafukua theluji mpaka kwenye nyasi za chini, akaziwasha mbichi zifuke. Moshi ukatanda, mnyama akalewa kama nyuki kwenye mzinga, akajikunja akalala, na watu wakampita kimya wakiwa wamebebana. Kisha Mwalimu akafungua kitabu nyuma, akaona pameng'olewa.

"Nyasi kwenye theluji!" Alicheka mpaka akashika meza. "Theluji inafukishwa kama mzinga? Huyu Muha anadhani dunia nzima ni asali! Theluji wewe utaiona kwenye kalenda, baba. Piga magoti." Nilipiga magoti kitabu kikiwa kichwani hadi kengele ya mwisho, na kuanzia siku hiyo sikuazimwa tena. Wenzangu wakanipa jina, "Mzee Theluji", likanifuata hadi namaliza shule. Wahenga walisema akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Niliyaweka maneno hayo moyoni kama mtu awekavyo mbegu.

Sikuinuliwa na mtu. Nilibeba mitungi ya gesi kwa mafundi wa majokofu ya chanjo Kasulu, nikajifunza kwa macho, kisha kwa mikono, kisha kwa vitabu, mpaka nikapata nafasi ya kwenda kusomea ufundi wa majokofu katika nchi ya baridi. Stashahada yangu ipo ukutani, dukani kwangu. Anayetaka kuisoma aje. Siku ya kwanza theluji ilipoanguka nilisimama nje bila kofia nikaitazama. Ilitua begani kama majivu ya nyasi, vilevile. Mtoto wa Kagerankanda alikuwa amepatia, na kuna kitu kimoja tu ambacho hakukijua: theluji ikikanyagwa inalia kama muhogo mkavu.

Huko, kwenye meza ya vitabu vya zamani, nilikiona kitabu kilekile cha Mwalimu, nikakinunua. Nikasoma kurasa zile kumi na mbili nimesimama. Asubuhi inakuja ndege, inawachukua, basi. Mnyama hatajwi tena. Mwandishi aliyejua kuficha vizuri hivyo alichoka akakimbia. Nasema bila kuomba radhi: mwisho wangu ulikuwa bora, na babu hakuvuta kitu cha maana.

Leo watoto wa Kagerankanda wanaiona theluji kwenye simu na hawashtuki. Dukani kwangu kuna rafu ya vitabu. Anayetaka anaazima, na hapigishwi magoti mtu. Mimi niliporudi niliwalipa wote kwa siku moja. Bi Zaituni, aliyestaafia Kasulu, nilimpelekea kamusi mpya badala ya ile niliyoichakaza, akaipekua kutafuta alama ya mchuzi. Watoto wa marehemu Venanti niliwapelekea vitabu sita, vyote vya filamu, maana deni hulipwa kwa aina yake. Jioni nikaenda kwa Mwalimu Elinami, naye alioa kwetu akabaki. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Nilijitaja kwa jina, nikamkabidhi kitabu, kizima.

Alikipapasa nyuma kwa vidole. "Zipo," akasema. Kisha, polepole: "Nisomee mwisho, mwanangu. Sikupata kuufikia."

Nikafungua ukurasa wa ndege. Nikayatazama maneno yaliyochapwa, na kwa sauti ya msomaji nikamsomea mbao zilizopasuliwa, nyasi mbichi, moshi, mnyama akilewa kama nyuki. Sikuacha neno. Mwalimu alisikiliza mikono ikiwa magotini, kama mwanafunzi.

"Huyo mwandishi," akasema nilipomaliza, "huyo amekulia kwenye theluji."

"Kweli, Mwalimu," nikasema, nikafunga kitabu nikamwekea mapajani, nikatoka sidaiwi.