Sikumfunua Baba Mkwe

Jumatatu ile nilipima watoto. Ilikuwa siku ya kliniki, na mama zao walijaa barazani tangu saa moja asubuhi, kila mmoja na kadi mkononi, wakitaniana nani mwanawe kanenepa na nani kaanza kumpa uji kabla ya wakati. Zahanati yetu ilikuwa na vyumba viwili na stoo, kijijini kwetu bondeni, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Kolo. Watumishi tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa tabibu, ingawa kijiji kizima kiliniita daktari. Mwenzangu alikuwa Bi Tatu, mhudumu, mwanamke mwenye ulimi mkali aliyenitangulia pale kwa miaka mingi na hakuacha kunikumbusha.

Wake wa wafugaji nao walileta watoto siku hiyo. Walikaa benchi moja na wake wa wakulima. Nalisema hili kwa sababu wanaosimulia vita ile leo wanapenda kusema tulichukiana siku zote. Si kweli, na mimi uongo huo unanikera. Tulinunua maziwa yao, wao walinunua mtama wetu, na Bi Tatu aliwazalisha wake zao kama alivyotuzalisha sisi.

Pale nilikuwa nimeolewa. Mume wangu Rajabu ni dereva, na wiki ile alikuwa safarini. Binti yetu Zuhura alikuwa na miaka miwili. Baba yake Rajabu, Mzee Issa, alikaa nyumba ya jirani na yetu.

Kwetu mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana mpaka inachosha. Sikai naye mkeka mmoja. Siingii chumba anacholala. Akilima bila shati, napita njia nyingine. Naye kabla ya kukunja kona ya nyumba yangu alikohoa, nipate kujifunga kanga vizuri. Miaka mitano niliyokaa pale sikuwahi kumwona bila koti, lile koti lake zito jeusi la mtumba alilolivaa hata jua la Oktoba. Alikuwa mtu mwema. Nilimpenda kwa umbali huo huo uliotakiwa.

Jumanne ng'ombe waliingia shamba la mtama ambao ulikuwa haujavunwa. Mchungaji akakatwa panga begani. Nikamshona mimi, akaondoka kwa miguu, nikadhani yameisha. Kumbe ndiyo yanaanza. Jumatano maboma mawili ya wafugaji yalichomwa moto, na jioni zikachomwa nyumba za upande wetu. Watoto na wazee wakakimbilia shuleni. Nikampeleka Zuhura huko kwa mama mkwe, nikarudi zahanati. Simu ilipata mtandao juu ya kichuguu kimoja tu, na nilipopata hospitali ya mjini wakaniambia gari la wagonjwa litakuja njia ikifunguliwa. Barabara ilikuwa imezibwa kwa magogo, pande zote mbili.

Alhamisi asubuhi tulisikia filimbi. Halafu mbiu. Halafu kukawa kimya, na ukimya ule ndio uliomtoa Bi Tatu kwenye kiti.

"Chemsha maji," nikamwambia.

"Nimeshachemsha," akasema.

Chuoni tulifundishwa mpangilio mmoja wa kumpokea majeruhi, na tuliuimba mpaka tukauota: hewa, pumzi, damu, fahamu, kisha mfunue. Kwanza angalia kama koo lake liko wazi. Kisha kama anapumua sawasawa, pande zote mbili. Kisha zuia damu. Kisha jua kama akili yake ipo. Mwisho mvue nguo, mgeuze, umwone mbele na nyuma, maana jeraha usiloliona ndilo linaloua. Mwalimu wetu alikuwa akitupitia mmoja mmoja. Aliyesahau la mwisho alirudia yote kuanzia mwanzo.

Walikuja wote kwa mkupuo, saa nne.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu, amevunjika mkono, anapiga kelele za kumwamsha maiti. Nikampita. Anayepiga kelele ana hewa.

Wa pili alikuwa kijana wa wafugaji, umri kama miaka ishirini, wenzake wamemtupa barazani na kukimbia. Alikuwa na mshale pajani, na mtu alikuwa ameuchomoa. Damu ilitoka kwa kuruka. Midomo ilikuwa imeshageuka rangi.

Nikapiga goti.

Mlangoni walikuwa wamesimama wanaume wa upande wetu kama sita, na mmoja alikuwa na panga lenye damu. "Daktari, huyo ndiye aliyetuchomea nyumba," akasema. "Unamtibu kabla ya watu wako?"

"Hapa watu wangu ni wanaotoka damu," nikamwambia. "Toka mlangoni, unaniziba mwanga."

Akatoka. Mpaka leo sijui kwa nini alitoka. Nikakaza kitambaa juu ya jeraha, nikapitisha mkasi kwenye fundo, nikasokota mpaka damu ikakata. Bi Tatu akamwekea dripu. Nilipoinua kichwa nilimwona Mzee Issa.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la barazani, mgongo ameuegemeza ukutani, koti limefungwa vifungo. Mdogo wake, baba mdogo Shabani, alikuwa amemshika. Mkono wa kushoto ulikuwa umepasuliwa panga kuanzia kiwiko.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Waangalie wenzangu kwanza."

Alijibu vizuri, kwa sauti. Hewa ipo, nikajiambia. Akili ipo. Nikavaa glavu, na nakiri glavu zilinisaidia, maana sikuwa nimewahi kumgusa. Nikasafisha mkono, nikaufunga vizuri sana. Sijawahi kufunga jeraha vizuri namna ile. Mapigo yalikuwa mbio na membamba. Nikahesabu pumzi, zikapita thelathini kwa dakika. Mtu wa miaka sitini na kitu amekimbia mashambani, nikajiambia, lazima ahemee juu juu. Nikatoa kipimo cha kusikilizia kifua, nikakiweka juu ya koti.

Juu ya koti husikii kifua. Unasikia koti. Hilo analijua hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na mimi nililijua wakati ule ule nilipokuwa nasikiliza. Nikatikisa kichwa kama niliyeridhika.

Nikalikalisha koti lake sawasawa, nikamwambia Shabani ampe maji kidogo kidogo, nikarudi kwa kijana wa paja.

Ningeweza kumwita Shabani pembeni. Ningeweza kuwaambia wale wanaume sita wamvue, mimi nigeuke, waniambie wanachokiona. Bi Tatu angemvua yeye mwenyewe bila kupepesa jicho, alikuwa mtu mzima, hakuwa mkwe wa mtu pale. Njia zilikuwepo nyingi. Nimezihesabu usiku na mchana kwa miaka karibu ishirini, na kila nikihesabu napata nyingine.

Haikuchukua nusu saa.

Shabani aliniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mzee Issa alikuwa ameinama mbele. Mishipa ya shingo ilikuwa imetutumka. Alikuwa anavuta hewa, haiingii. Aliniangalia usoni, mara ya kwanza tangu niolewe.

Nikamwita. Hakujibu.

Hapo ndipo nilipojua ni nini. Mtu akichomwa kifuani, hewa inaweza kuingia na kukosa pa kutokea, ikajaa upande mmoja na kubana pafu na moyo. Dawa yake ni sindano nene ya dripu, unaichoma juu ya kifua kati ya mbavu, hewa inatoka kwa mlio, mtu anarudi. Nilikuwa nazo kopo zima.

Nikakimbia kuchukua sindano.

Niliporudi, Shabani alikuwa ameshamlaza na kumfumba macho.

Gari la wagonjwa lilifika saa tisa, likiongozana na askari. Likamchukua kijana wa mfugaji na jirani yangu. Kijana yule alipona, niliambiwa mwaka uliofuata, anachechemea kidogo. Sisi tulizika wa kwetu, wao wakazika wa kwao, na baada ya wiki mbili wazee wa pande zote wakakaa, wakachinja, wakala pamoja. Mtama uliokuwa chanzo cha yote haukuvunwa na mtu. Ndege waliumaliza.

Mzee Issa alioshwa na wanaume, kama inavyotakiwa. Baada ya maziko Shabani alinifuata jikoni, akasimama nje ya mlango, akaniongelesha akiwa ameangalia pembeni.

"Chini ya bega, nyuma, kuna tundu la mkuki," akasema. "Dogo. Tuliomwosha tuko watatu, na tumekubaliana kwamba alikufa kwa mkono."

"Baba mdogo..."

"Kwa mkono," akasema. "Usiwape watu maneno."

Alinihurumia, na huruma ile ndiyo iliyonifunga. Maana watu maneno walikuwa nayo tayari. Kijiji kizima kilisema mkamwana alimwacha baba mkwe avuje damu akamshughulikia adui. Mama mkwe hakusema hivyo, ila aliacha kula chakula nilichopika. Nikauchukua uvumi ule, nikakaa nao. Ulikuwa bora kuliko ukweli. Kumtanguliza aliye hoi zaidi, hilo ningelitetea mbele ya yeyote, hata leo. Walinilaumu kwa jambo pekee nililolifanya sawasawa siku ile, nami nikanyamaza kama ninayeonewa.

Rajabu aliporudi safari alinitetea. Aligombana na kaka zake kwa ajili yangu. Tulihama kwa ajili hiyo, tukaja Ihumwa, hapa Dodoma, ambako miaka ya baadaye alipata kazi ya udereva wizara moja huko Mtumba, mimi nikapangiwa kituo cha afya cha mjini. Na kila mgeni aliyekuja nyumbani alisimuliwa. "Mke wangu huyu mnayemwona," anasema, "baba yangu mzazi ana jeraha, adui anakufa, akamtibu adui kwanza. Kwa sababu kazi ni kazi. Na baba mwenyewe alimwambia, waangalie wenzangu." Wageni wananiangalia kwa heshima. Mimi naondoa vyombo.

Hapa mjini nimeshapokea majeruhi wengi, wa mabasi, wa bodaboda, wa visu vya kilabuni. Kila anayeingia namvua. Awe mzee, awe mheshimiwa mwenye suti, namkata nguo kwa mkasi, namgeuza, naangalia mgongo. Wauguzi wapya wananisema kwamba sina aibu. Kuna siku nilimkata kanzu shehe mmoja aliyeteguka kifundo cha mguu tu, akanilalamikia mpaka ofisini. Wakubwa wangu wakanionya, na walikuwa sahihi. Nilisema samahani, na aliyefuata nikamkata vilevile.

Lakini mgongo ninaoutafuta haupo kwa hao wote.

Zuhura sasa anasomea udaktari, mwaka wa tatu, hapa hapa Dodoma. Jumapili moja alikuja kula na sisi, ametoka kwenye mafunzo ya wodi ya majeruhi, ana maneno mengi. Rajabu akafurahi, akaanza kisa chake cha siku zote. Zuhura amekisikia tangu ana meno ya utoto. Safari hii aliacha kutafuna.

"Baba, babu alikatwa mkono, na mama akaufunga?"

"Akaufunga vizuri mno. Shabani alisema hata tone halikupita."

"Sasa alikufa kwa nini?"

Rajabu akacheka kidogo. "Damu, mwanangu. Na uzee."

"Damu gani, kama tone halikupita?" Aliuliza bila ubaya wowote, kama anavyouliza darasani. "Mama, yeye ulimfunua?"

Ningeweza kusema ndiyo. Shabani alishakufa. Wale waoshaji wengine wawili nao walishatangulia. Hakuna aliyebaki wa kunisuta, na hilo lilinitisha zaidi ya yote, kwamba lingebaki kwangu peke yangu na ningekufa nalo.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa na tundu la mkuki mgongoni. Sikumfunua. Alikuwa baba mkwe wangu, nikaona haya."

Zuhura akaweka kijiko chini. Nikaona usoni kwake anapita hatua zote, hewa, pumzi, damu, mpaka akafika kwenye sindano. Alifika haraka kuliko mimi siku ile.

Rajabu akanigeukia. "Kwa hiyo haikuwa yule kijana wa mfugaji."

"Haikuwa yule kijana. Muda wa wote wawili ulikuwepo."

Akafikiri. Nilimwona anatafuta mahali pa kuniokoa, kama alivyozoea, na akapapata. "Hata hivyo, baba nilimjua mimi," akasema. "Mzee yule asingekubali umvue koti. Angekufa kwanza."

Ningemwachia hilo. Mke mwenye akili angemwachia.

"Nilipofika kwake baada ya yule kijana," nikasema, "alikuwa anafungua vifungo mwenyewe, kwa mkono mzima. Alishafungua viwili. Niliona haya, nikavifunga."

Rajabu alinawa mikono, na chakula kilikuwa bado kwenye sahani. Ni miezi minne sasa. Tunaongea, tunaulizana za kazini, ananiletea mboga akipita sokoni, na hajanilaumu hata siku moja. Wageni bado wanakuja. Kisa cha baba yake hakisimulii tena.